Kikapu Alichokikubali Nassoro

Nassoro alipewa fainali kwa sababu hakuwa na watu. Wazee walilisema hilo kwenye kikao, mbele yake, naye akaitikia kwa kichwa kana kwamba wametaja urefu wake.

Mwaka uliotangulia, mechi ya mpira wa kikapu kati ya Hilali na Jabali ilivunjika kabla ya kumalizika. Hilali ni timu ya mtaa wa karibu na bandari ya Kismayu, na Jabali ni ya mtaa wa juu, upande wa barabara ya uwanja wa ndege. Refa wa siku ile alikuwa ameoa kwa watu wa Jabali. Alipopuliza filimbi ambayo watu wa bandarini hawakuipenda, uwanja ulijaa watu, bastola ikatolewa, risasi zikapigwa hewani, na moja ikashuka ikamvunja muuza maji mfupa wa bega. Geti likafungwa kwa mnyororo. Tangu hapo vijana wakawa wanatupa mpira kwenye ukuta wa ghala, hakuna ligi wala kombe.

Ilipokubaliwa uwanja ufunguliwe, shida ikawa refa. Kila jina lililotajwa lilikuwa na mkwe upande mmoja au binamu upande wa pili. Mwishowe mzee mmoja akasema, "Mchukueni yule Mbajuni anayeziba maboti. Hana ukoo wenye bunduki. Akipendelea, atampendelea nani?"

Mimi Ilyas nilikuwepo kwenye kikao hicho kwa kuwa ndimi mshika saa wa mashindano. Nina kibanda cha kutengeneza simu karibu na soko la samaki, na Nassoro alikuwa jirani yangu. Nilimtazama usoni wazee walipomaliza. Akasema jambo moja tu.

"Silaha zibaki nje ya geti. Zote. Ikiingia hata moja, sichezeshi."

Wakakubali haraka, kama watu wanavyokubali jambo ambalo hawajalifikiria.

Nassoro alizaliwa kisiwa cha Kudhaa. Mama yake, Barke, alimbeba mgongoni mwaka wa vita, wakapanda mashua na majirani hadi Kenya, na akakulia kambini karibu na Mombasa. Huko ndiko alikokutana na mpira wa kikapu. Watu wa misaada walikuwa wamemimina saruji na kusimamisha milingoti miwili, na yeye alikuwa mrefu. Alicheza mpaka goti likapinda vibaya siku moja akishuka kutoka kwenye ubao, na halikunyooka tena vizuri. Mwalimu mmoja wa Mombasa aliyekuwa akichezesha ligi za mitaa akamwambia, "Huwezi kuruka, lakini unaona. Chukua filimbi." Akaichukua. Kwa miaka alichezesha mashule, timu za mitaani, timu za bandari, kwa nauli na chakula cha mchana.

Alirudi Somalia kwa ajili ya mama yake, aliyetaka kuzikwa Kudhaa. Baada ya kumzika akahamia Kismayu na mkewe, Tima, na binti yao, Hanan, akaanza kuziba maboti ya faiba yaliyopasuka. Nguo zake zilinuka gundi. Alizoea kupaka nywele mafuta ya nazi ili gundi isizishike, na bado ilizishika.

Uwanja ulipofunguliwa, nilimwona kwenye mechi za mwanzo za mashindano: uwanjani alikuwa mtu mwingine. Hakutania na wachezaji, wala hakunywa chai ya timu yoyote. Kabla ya mechi alipita mstari mzima akikagua vidole. Nilimwona akimrudisha nyumbani nahodha mzima kwa sababu ya kucha ndefu, na yule nahodha akarudi amezikata, amenuna. Mwenye pete alivua. Mwenye mkufu alivua. Ukimwuliza sababu alisema ukiacha kucha leo, kesho mtu atakuomba uache ngumi.

Jabali walilalamika jambo moja. Hilali ilikuwa na mchezaji Mbajuni kama Nassoro, Rashad, kijana wa kisiwa cha Chovae mwenye kifua kipana na miguu mizito, hodari wa kusimama njiani mtu asipite. Kuondoa lawama, Nassoro akapewa refa wa pili kutoka mtaa wa Jabali wenyewe. Huyu ni Mahir, mwalimu wa hesabu, mwembamba, mpole, ambaye sauti yake haikusikika hata darasani. Nassoro alimfundisha kila alasiri uwanja ukiwa mtupu. Akawa anamweka chini ya kikapu, yeye mwenyewe anasimama nyuma.

"Wewe uliye chini, miguu ni yako," alimwambia. "Mimi niliye nyuma, vifua na mikono ni vyangu. Usitazame mpira. Mpira watu wote wanautazama."

"Na nikiona kitu usichokiona wewe, adeer?" Mahir alimwita hivyo, kwa Kisomali, kama mtu anavyomwita baba yake mdogo.

"Unakuja unaniambia. Kabla mpira haujarudi mchezoni. Ukisharudi, imekwisha, hata tukilia machozi."

Siku chache kabla ya fainali, gari lilisimama mbele ya karakana ya Nassoro. Akashuka Husein Gaab. Gaab kwa Kisomali ni mfupi, na kweli ni mfupi, ila walinzi wake ni warefu. Ana malori na ana viwanja, na hata akienda kunyolewa bunduki zinamtangulia. Waleed, mchezaji bora wa Jabali, ni mdogo wake wa tumbo moja.

Mimi nilikuwa ng'ambo ya njia, nikayasikia yote.

"Nasikia huogopi watu," Husein alisema.

"Nawaogopa," Nassoro akajibu, msasa ungali mkononi. "Ila nikiwa uwanjani huwa sina nafasi ya kuogopa."

"Mdogo wangu anaonewa. Kila mechi anajaziwa faulo tano, anatolewa nje kama mtoto."

"Anaingia kwa kasi. Mwambie apunguze mwendo akikaribia kikapu. Faulo zitapungua."

Husein akacheka. Akaligonga boti kwa kiganja, mara mbili, taratibu. "Hili likipasuka watu wakiwa baharini, nani atajua limepasuka kwa nini?"

"Halitapasuka hapa nilipoziba."

Husein akapanda gari. Nassoro akaendelea kusugua pale pale alipokuwa akisugua, mpaka nikavuka njia kumwambia kwamba anatoboa.

Tima alizisikia habari hizo kabla mumewe hajafika nyumbani. Baadaye alinisimulia mwenyewe yaliyosemwa. Hakupiga kelele. Alimwekea chakula, akakaa mbele yake.

"Baba Hanan, wakipigwa hawa, wana kwao. Sisi hatuna mchu, hatuna mtu wa kutusimamia. Ukifa wewe, hata wa kulipiza hakuna, hata wa kudai diya, fidia ya damu, hakuna. Wao wanakutaka kwa sababu hiyo."

"Najua."

"Sasa?"

"Nikikataa, uwanja utafungwa tena."

"Na ufungwe!"

Tima alisema kwamba alichokiona usoni mwa mumewe hakikuwa ushujaa. Ilikuwa hamu. Mtu huyu alipenda kuchezesha kama wengine wanavyopenda kula.

Fainali ilikuwa baada ya sala ya alasiri. Kuta zilikuwa zimejaa watu waliokaa juu yake, wanawake upande wa kivuli, wauza chai wakipita na chupa. Wazee walisimama getini kweli, bunduki zikaachwa kwenye magari. Nassoro akakagua kucha. Kipindi cha kwanza kilikuwa kigumu lakini safi. Hilali walitangulia, Jabali wakafikia, Hilali wakatangulia tena. Kocha wa Hilali, Tariq, mwenye boti la uvuvi na sauti ya kuita boti, alionywa mara moja kwa maneno yake, akakaa.

Husein Gaab alichelewa. Aliingia wakati wa mapumziko, na walinzi wake wakaingia naye wakiwa na bunduki begani. Wazee wa getini wakatazama pembeni. Wakaja kusimama nyuma ya benchi la Jabali, karibu na meza yangu, karibu kiasi kwamba nilisikia harufu ya mafuta ya bunduki.

Robo ya tatu ilitakiwa kuanza. Mchezaji wa Hilali alikuwa tayari kwenye mstari wa kati, mikono mbele, akingoja apewe mpira. Nassoro akauchukua, akautia kwapani, akasimama.

"Refa, anza," Husein akasema.

"Bado."

"Unangoja nini?"

"Nangoja vyuma vitoke."

Kelele zilikatika, kuanzia ukuta mmoja hadi mwingine, kama mtu anazima taa. Husein hakusogea. Mlinzi mmoja alibadilisha bunduki kutoka bega hili kwenda lile. Nassoro hakuwatazama hao walinzi; aliutazama mstari wa kati. Nilimwona jasho likimtiririka kutoka sikioni hadi kolani. Mahir alikuwa amesimama upande wa pili, naye hakuondoka. Muda ukapita. Wachezaji wakaanza kupoa, mmoja akakaa chini sakafuni. Muuza chai mmoja akaanza kusogea kuelekea getini kinyumenyume.

Aliyevunja ukimya ule ni Waleed. Alimwendea kaka yake, mikono kiunoni, na alivyosema tulisikia sote.

"Kaka, tunataka kucheza."

Husein akamtazama mdogo wake, akamtazama Nassoro, kisha akatikisa kidole. Walinzi wakatoka. Nassoro akampa mchezaji mpira, filimbi ikalia, nami nikabonyeza saa.

Sijui kama nimewahi kuona mpira kama ule wa robo mbili za mwisho. Waleed alikuwa moto. Rashad alikuwa ukuta. Faulo za Waleed zikafika nne, na ya nne Nassoro aliionyesha kwenye meza yetu kwa vidole vilivyonyooka, bila haraka, huku nyuma yangu Husein akisema jambo, amekaza meno. Faulo moja zaidi na Waleed yuko nje. Kila mtu alijua. Na Rashad alijua kuliko wote, ndiyo maana kila Waleed alipoanza kukimbia, Rashad alikimbilia mbele yake akasimama.

Zikabaki sekunde chache. Hilali walikuwa wanaongoza kwa pointi moja. Waleed akapokea mpira pembeni, akampita mtu wa kwanza, akampita wa pili, akaruka. Rashad alikuwa amefika chini ya kikapu, amesimama, mikono juu. Wakagongana. Mpira ukatoka mkononi. Rashad akaanguka chali, filimbi ikalia, na mpira ukaingia kikapuni.

Filimbi ilikuwa ya Nassoro. Alikuja mbio kutoka nyuma, mkono mmoja nyuma ya kichwa, mwingine umefumba ngumi kuelekea upande wa pili. Kosa la mshambuliaji. Kikapu hakihesabiwi. Faulo ya tano, Waleed nje.

Upande wa bandarini ulilipuka. Watu waliruka kutoka ukutani. Tariq alikuwa amepiga magoti anabusu saruji. Nyuma yangu sikusikia kelele yoyote, nikaogopa kugeuka.

Ndipo nikamwona Mahir. Alikuwa bado amesimama pale pale kwenye mstari wa mwisho, chini ya kikapu, anatazama sakafuni. Chini ya kila kikapu kuna nusu duara iliyochorwa kwa rangi. Mchezaji anayezuia akiwa ndani yake, mshambuliaji aliyeruka kufunga akimgonga, hilo si kosa la mshambuliaji. Sheria inamtaka asimame nje ya mstari huo bila kuukanyaga, asijifiche chini ya pete akingoja watu wamwangukie. Mahir akainua kichwa, akatembea kuelekea kwa Nassoro. Walikutana hatua chache kutoka mezani, na mimi nikawasikia.

"Adeer, mguu wake ulikuwa ndani."

"Nini?"

"Rashad. Kisigino kilikuwa juu ya mstari. Alikuwa ndani."

Nassoro alimkazia macho. Huyu alikuwa kijana wa mtaa wa Jabali. Nyuma yake, mita chache, Husein Gaab alikuwa amesimama. Nje ya geti palikuwa na bunduki. Na yeye Nassoro alikuwa ameona kifua na mikono, kama alivyotakiwa kuona. Miguu hakuiona.

"Niambie kweli," akasema kwa sauti ya chini. "Umeona au umeogopa?"

"Vyote viwili, adeer. Naogopa, na nimeona."

Nilikuwa na saa mkononi, imesimama, na nadhani kama ingekuwa inakwenda nisingejua imekwenda kiasi gani. Nassoro aligeuka akakitazama kikapu. Akamtazama Rashad, ambaye wenzake walikuwa wanamnyanyua na kumpiga mgongoni. Rashad hakuwa anacheka. Tariq tayari alikuwa anapunga mikono, "Mpira! Mpira wetu! Uleteni mpira!" Mpira ukirudi mchezoni, imekwisha.

Kama angeliacha lile kosa libaki, angerudi bandarini amebebwa. Angekuwa mtu aliyemtoa nje mdogo wa Husein Gaab mbele ya Husein Gaab. Pengine wangempiga risasi, lakini hakuna ambaye angemwita mwoga.

Akatembea mpaka mezani.

"Ilyas," akaniambia, "hakuna faulo. Kikapu kinahesabiwa. Waleed anabaki na nne. Hilali wanaanza kutoka mstari wa mwisho. Saa ibaki ilipo."

"Nassoro," nikasema. Sikujua ninataka kumwambia nini.

"Andikeni pointi mbili."

Akainua mkono, akashusha vidole viwili, mbele ya watu wote.

Sitasahau sauti iliyotoka upande wa bandarini. Haikuwa hasira kwanza. Ilikuwa mshangao, kama wa mtu aliyepigwa kofi na ndugu yake. Kisha hasira ikaja. "Ameogopa!" "Mwoga!" "Amemtazama Gaab akajikojolea!" Chupa ya maji ikampata Nassoro mgongoni. Tariq alikuja mpaka puani kwake.

"Umeshapiga filimbi! Umeshaamua! Unabadilisha kwa sababu ya nani?"

"Kwa sababu ya mguu. Refa mwenzangu ameona."

"Refa mwenzako ni wa kwao!"

"Rudi kwenye benchi, kocha."

"Wewe ni Mbajuni gani?"

Nassoro alimnyoshea kidole kuelekea benchi, na ule mkono ulibaki hewani mpaka wazee wawili wakaja kumvuta Tariq.

Sekunde zilizobaki zilichezwa. Rashad akapewa mpira, akarusha kutoka mbali, ukagonga pete, ukazunguka, ukatoka. Nikapuliza honi. Jabali wakachukua kombe. Nassoro na Mahir walitoka wakiwa katikati ya wazee, na mate ya watu yakiwaangukia mabegani.

Wiki iliyofuata ilikuwa mbaya kuliko mechi. Wateja wa Nassoro karibu wote walikuwa watu wa bandarini, na hakuna boti lililoletwa. Lililokuwa nusu limezibwa mwenyewe alikuja akalichukua hivyo hivyo, gundi haijakauka. Tima akienda sokoni aliuliza bei mara mbili ndipo ajibiwe. Hanan alirudi kutoka shule siku moja akamwuliza baba yake maana ya neno fulani, na Tima akamwambia mumewe asimweleze. Kuna mtu alikuwa na picha za simu za kile kikapu, zikazunguka mji mzima, lakini mgongo wa mchezaji mmoja uliziba miguu yote. Kila aliyezitazama aliona alichotaka kuona.

Kisha mlinzi wa Husein Gaab akaja na mbuzi.

Alikuwa beberu mkubwa mweupe mwenye kichwa cheusi, amefungwa kamba mpya. "Husein anakusalimu," mlinzi alisema. "Anasema wewe ni mtu mwenye akili." Akaifunga kamba kwenye mlango wa karakana, akaondoka.

Njia nzima iliona. Nilivuka nikamkuta Nassoro amekaa juu ya kopo la gundi, anamtazama mbuzi, na mbuzi anakula kipande cha mkeka. Kwa mara ya kwanza nilimwona macho yamemlowa.

"Sasa wameniandikia kwamba nimenunuliwa," akasema. "Sasa kila mtu ana haki ya kusema."

"Mrudishe kwa mkono wa mtu. Mpe mlinzi."

"Nikimrudisha kwa mtu, hakuna atakayeona."

"Nassoro, ukimrudishia Gaab zawadi mbele ya watu..."

"Ndiyo," akasema. Akasimama, akafungua kamba.

Ilikuwa saa za asubuhi, watu wamejaa. Alipita soko la samaki, akapita mbele ya mkahawa ambako watu wa Hilali hukaa kunywa chai, akachechemea na goti lake, mbuzi akivuta huku na yeye akivuta kule. Mimi nikamfuata, si karibu sana, niseme kweli. Mkahawani watu walinyamaza vikombe vikiwa mkononi. Tariq alikuwepo. Nassoro hakumwangalia. Akapanda njia ya mtaa wa juu, ambako watu walianza kumpongeza, "Refa! Refa wetu!" na kila alipoitwa hivyo alizidi kuharakisha.

Getini kwa Husein alisimama. Mlinzi akaingia kusema. Husein akatoka akiwa na kikoi na fulana, mswaki mdomoni.

"Kuna nini? Mbuzi mgonjwa?"

"Mbuzi mzima. Nimemleta kwako."

Husein akautoa mswaki mdomoni. "Unanirudishia heshima yangu mlangoni kwangu?"

"Heshima yako nimeipokea. Mbuzi siwezi. Mimi ni refa."

"Ulinipa kikapu."

"Sikukupa. Kikapu kilikuwa halali. Kama mguu ungekuwa nje ya mstari, mdogo wako angetoka, na ningeonyesha kwa mkono huu huu."

Walinzi walikuwa wameacha kuegemea ukuta. Nilipima umbali kati yangu na kona ya karibu.

"Na ungemtoa," Husein akasema polepole, "unadhani ningekufanya nini?"

"Sijui," Nassoro akasema. "Ndiyo maana nimekuja mchana kweupe, watu wakiona."

Ile kamba ilikuwa bado mkononi mwa Nassoro, imenyooshwa mbele. Ndani ya nyumba mlango ulifunguliwa, Waleed akachungulia, akaona, akabaki pale. Nadhani Husein alihisi macho ya mdogo wake. Akatema pembeni.

"Mchukueni huyo mbuzi," akawaambia walinzi. Na kwa Nassoro: "Nenda. Usije tena mlangoni kwangu na kitu mkononi."

Tulirudi karakana. Nassoro akaketi tena juu ya kopo lake la gundi.

Habari za mbuzi ziliwalainisha wengine, siyo wote. Tariq alisema kurudisha mbuzi hakurudishi kombe, na watu wakacheka wakakubali. Ikaendelea hivyo mpaka siku moja, tukiwa kwenye mkahawa ule ule, wakawa wanamsimulia mgeni mmoja kutoka Ras Kamboni jinsi walivyodhulumiwa. Rashad alikuwa pembeni, anamtoa mtu mwiba wa samaki kwenye kidole. Mgeni akamgeukia. "Wewe ndiye uliyegongwa?"

"Ndimi."

"Wakakunyang'anya!"

Rashad akamaliza kuutoa mwiba, akautupa. "Mguu wangu ulikuwa ndani," akasema.

Tariq akaweka kikombe chini.

"Unasema nini?"

"Nilichelewa kufika. Nilijua niko ndani, nikasimama hivyo hivyo. Nilidhani hawataona."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema lini, kocha? Mlipokuwa mnanibeba?"

Mimi sikungoja waendelee. Niliacha chai yangu, nikaenda karakana kwa miguu ya haraka.

Nassoro alikuwa amelala chini ya boti la kwanza kuletwa tangu fainali, la mtu wa Kudhaa asiyejua habari za mpira. Nikainama nikamweleza alichosema Rashad, neno kwa neno. Hakutoka chini ya boti. Niliona viatu vyake tu.

"Kwa hiyo aliona," sauti yake ikasema.

"Nani?"

"Mahir."

Nikaduwaa. "Kwani ulikuwa huna hakika?"

"Ningekuwaje na hakika? Mimi sikuiona miguu." Akajivuta akatoka, vumbi jeupe la faiba usoni kote, akakaa akanitazama. "Kila siku najiuliza, Ilyas. Niliamini macho yake, au nilifurahi kupewa sababu?"

Akanawa mikono kwa petroli, kisha kwa sabuni, akavaa shati safi juu ya suruali ya kazi. Shule ya Mahir iko mwendo mzuri kutoka bandarini, na goti lilikuwa linamsumbua siku hiyo, lakini hakutaka kupanda chombo chochote. Nilikwenda naye. Tulimngoja nje ya darasa, chini ya dirisha, tukimsikia Mahir akifundisha kugawanya kwa ile sauti yake ndogo ambayo watoto wa nyuma hawakuweza kuisikia. Kengele ikalia. Akatoka na chaki vidoleni, akatuona, akashtuka kama mtu anayetarajia msiba.

"Kuna nini, adeer?"

"Rashad amesema mbele ya watu. Mguu ulikuwa ndani."

Mahir akasimama na vitabu vyake kifuani, watoto wakimpita huku na huku.

"Mimi nilijua," akasema.

"Mimi sikujua," Nassoro akamjibu, akamshika bega, na hapo akalazimika kukaa kwenye ngazi, kwa kuwa goti lilikuwa limekataa kabisa.